Kuchagua Risasi za Kushindilia Mwenyewe kwa Bunduki ya Masafa Marefu ya Kuwindia Wanyama Waharibifu

Katika nyanda za magharibi ya Marekani, kuanzia South Dakota na Wyoming hadi Montana, wafugaji wengi huwaruhusu wawindaji kuingia katika malisho yao wakati wa kiangazi ili wapunguze prerii dogi, wanyama wadogo wa jamii ya kindi wanaochimba mashimo ardhini na kula nyasi ambazo mfugaji alizitegemea kwa ng'ombe wake. Mnyama huyu hana ukubwa wa kutisha wala ngozi ngumu. Ugumu wake ni udogo wake na umbali anaokaa, kwa kuwa kundi likishashtushwa na milio michache, wale walio karibu hujitosa mashimoni na wanaobaki juu ni wale walio mita 250, 300 au 400 kutoka kwa mpigaji. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anamiliki bunduki kihalali, anajua kuitumia kwa usalama, na sasa anataka kushindilia risasi zake mwenyewe zinazofaa kazi hiyo, yaani kuziunda kwa mkono kutokana na ganda, fataki (kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda), baruti, na kichwa cha risasi, ambacho ndicho kinachoruka hadi kwa mnyama.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuanza na kasi. Mtu hufungua kitabu cha vipimo vya baruti, akatafuta mstari wenye tarakimu kubwa kuliko yote, kisha akanunua vifaa vya kumfikisha hapo. Hapa tutafuata utaratibu ulio kinyume: kwanza mnyama na umbali, halafu mtutu, halafu kichwa cha risasi, na baruti baada ya hayo yote. Kushuka kwa risasi ni jambo linalohesabika. Ukijua umbali na kasi, utazungusha kitasa cha darubini na hesabu itakubali. Upepo hauhesabiki hivyo, kwa sababu unabadilika baina ya mlio mmoja na mwingine na hauwi mmoja njia nzima. Kwa hiyo risasi ya kuitafuta ni ile inayopeperushwa kidogo zaidi miongoni mwa zile ambazo mtutu wako unaweza kuzituliza, na ambayo bado itavunjika inapomfikia mnyama.

Kabla ya yote: sheria

Sheria ya shirikisho ya Marekani haimtaki mtu awe na leseni ili ashindilie risasi za matumizi yake mwenyewe. Anayeshindilia kwa biashara ndiye anayehitaji leseni ya kutengeneza risasi. Wasomaji wetu wanaoishi huko wanapaswa kujua jambo moja zaidi: mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi isipokuwa awe amekidhi moja ya masharti ya msamaha, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mkazi wa kudumu hafungwi na katazo hilo. Kila jimbo lina kanuni zake za misimu, leseni na maeneo, na si kila prerii dogi anaruhusiwa kuwindwa; yule wa Utah analindwa na sheria ya viumbe walio hatarini. Vilevile yapo maeneo, kama bonde la Conata huko South Dakota, ambako uwindaji wa prerii dogi umezuiwa ili kumlinda fereti wa miguu myeusi, mnyama adimu ambaye chakula chake kikuu ni prerii dogi hao hao. Kwa upande wa nyumbani, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huuruhusu kwa leseni tu, kwa hiyo yafuatayo hayapaswi kuchukuliwa kama kibali cha kufanya lolote huko.

Hatua ya kwanza: pima mnyama, si bunduki

Prerii dogi mwenye mkia mweusi ana uzito wa takriban kilo 0.7 hadi 1.4. Anaposimama wima mdomoni mwa shimo lake, sehemu ya kulengwa haizidi sana upana wa sentimita 8 hadi 10. Chukua kipimo hicho ukilinganishe na dakika moja ya pembe, kipimo ambacho wapiga shabaha hutumia kueleza usahihi wa bunduki, na ambacho kwa umbali wa yadi 100 (mita 91) ni sawa na sentimita 2.7 hivi. Kwenye yadi 300 dakika hiyo moja imekwisha kuwa sentimita 8, na kwenye yadi 400 inakaribia sentimita 11. Kwa hiyo bunduki inayopiga makundi ya dakika moja (yaani matundu ya milio kadhaa kwenye karatasi hayatawanyiki zaidi ya hapo) inamtosha prerii dogi wa yadi 300 siku isiyo na upepo, lakini kwenye yadi 400 itamkosa mara kwa mara hata kama mpigaji hakutetereka. Anayetaka kufika huko anahitaji risasi na mtutu vinavyoweka makundi ya robo tatu ya dakika au chini ya hapo.

Ukiwinda koyote, mnyama wa jamii ya mbwa, hesabu inabadilika, kwa sababu huyo ni mkubwa zaidi, na mara nyingi mwindaji hutaka ngozi yake isichanwe. Ukiwinda marmota, mnyama mwingine wa jamii ya kindi, kwenye mashamba ya Pennsylvania, masafa huwa mafupi na nyumba ziko karibu, kwa hiyo kuvunjika kwa kichwa cha risasi kinapogusa ardhi huwa muhimu kuliko usahihi wa dakika. Andika kwenye karatasi mnyama wako, umbali wake wa kawaida, na umbali wa mbali kabisa ambao kweli utapiga. Maamuzi mengine yote yanatoka kwenye karatasi hiyo.

Hatua ya pili: soma mtutu

Ndani ya mtutu mna mifuo iliyopinda, nayo ndiyo inayokizungusha kichwa cha risasi ili kisipinduke hewani. Mpindo wa mifuo hiyo hutajwa kwa inchi: mtutu wa 1 kwa 14 humaliza mzunguko mmoja katika inchi 14, na wa 1 kwa 8 humaliza mzunguko katika inchi 8, yaani unazungusha haraka zaidi. Kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyohitaji mzunguko wa haraka. Zingatia kwamba ni urefu, wala si uzito. Vichwa viwili vyenye uzito sawa vinaweza kutofautiana kwa urefu kwa sababu ya umbo la pua, ncha ya plastiki au madini yaliyotumika.

Mwanahisabati Mwingereza Alfred George Greenhill alitoa mwaka 1879 kanuni rahisi ambayo bado inafaa kwa makisio ya kwanza. Kwa risasi za kasi kubwa zenye kipenyo cha inchi 0.224, ambacho ndicho kipenyo cha risasi za aina ya .223 Remington, .22-250 Remington na .220 Swift, kanuni hiyo inaweza kufupishwa hivi: gawanya 9 kwa urefu wa kichwa ukiwa katika inchi. Kichwa cha inchi 0.700 kinatoa jibu la karibu 13, kwa hiyo mtutu wa 1 kwa 12 utakituliza bila shida. Kichwa cha inchi 1.000 kinatoa 9, na mtutu wa 1 kwa 14 hauwezi kukituliza hata ukitumia baruti gani. Ncha ya plastiki ni nyepesi na haina uzito wa kutosha kuhesabiwa kwa ukamilifu, hivyo vichwa vya namna hiyo hutulia vizuri kidogo kuliko kanuni inavyosema.

Usitegemee maandishi ya kiwandani ikiwa bunduki ni ya kununua mkononi au mtutu umewahi kubadilishwa. Hakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, toa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), kisha chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake huuacha ufito uzunguke wenyewe. Funga kitambaa kwenye ncha kiwe cha kubana, kisukume ndani inchi chache mpaka mifuo ikishike, halafu weka alama mbili: moja juu ya ufito karibu na mpini, nyingine ya kuonyesha ufito umeingia kiasi gani. Sukuma taratibu ukiangalia alama ya juu ikizunguka. Itakaporudi juu kabisa, pima ni inchi ngapi zimeingia. Rudia mara kadhaa, maana kitambaa huteleza, na ukipata 11.8 na 12.1 na 11.9 utajua mtutu wako ni wa 1 kwa 12.

Historia ya mitutu hii inaeleza kwa nini bunduki nyingi za .22-250 zina mpindo wa polepole. Risasi hiyo ilikuwa ikitengenezwa na mafundi binafsi kwa miongo kadhaa kabla Remington hawajaipokea rasmi mwaka 1965, na wakati huo vichwa vya uwindaji wa aina hii vilikuwa vya greni 50 hadi 55, ambavyo mpindo wa 1 kwa 14 unavitosha. (Greni 1 ni takriban gramu 0.065, kwa hiyo kichwa cha greni 55 kina uzito wa gramu 3.6 hivi.) Ukiwa na bunduki kama hiyo, usihangaike na vichwa virefu vya mashindano. Mitutu ya .223 inatofautiana sana, kuanzia 1 kwa 12 hadi 1 kwa 7, na hapo ndipo kupima kunapolipa.

Angalia pia maandishi ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Bunduki iliyoandikwa .223 Remington haipaswi kutiwa risasi za kijeshi za 5.56, ambazo koo la mtutu wake (sehemu kati ya chemba na mwanzo wa mifuo) ni refu zaidi na ambazo zinaweza kuleta shinikizo la ziada.

Hatua ya tatu: chagua kichwa

Hapa ndipo pa kutumia muda, na kwa maoni yangu hapa ndipo pa kutumia fedha pia.

Kichwa cha kuwindia wanyama waharibifu lazima kiwe chepesi kuvunjika. Kina koti jembamba la shaba, kiini laini cha madini ya risasi, na mara nyingi ncha ya plastiki inayokilazimisha kupasuka mara tu kinapogusa kitu. V-MAX ya Hornady, Ballistic Tip Varmint ya Nosler na BlitzKing ya Sierra ni mifano inayopatikana katika maduka mengi. Faida ya kuvunjika ni mbili: mnyama hufa papo hapo, na vipande havirukii mbali vinapopiga ardhi. Kichwa cha koti kamili cha mtindo wa kijeshi hakifai kabisa kazi hii. Kinapita ndani ya mnyama bila kumuua haraka, kisha kinagonga jiwe na kuruka kwenda usikokujua, na katika malisho yaliyo wazi ambako ng'ombe wapo upande wa pili wa kilima, hilo halivumiliki.

Lakini wepesi huo una mpaka. Kichwa dhaifu kinachozungushwa kwa kasi mno kinaweza kupasuka hewani kabla hakijafika. Hesabu ya mizunguko ni rahisi: zidisha kasi ya futi kwa sekunde kwa 720, kisha gawanya kwa mpindo. Risasi inayotoka kwa futi 3,600 katika mtutu wa 1 kwa 14 inazunguka mara 185,000 hivi kwa dakika. Ileile katika mtutu wa 1 kwa 8 inazunguka mara 324,000. Ukiona moshi mwembamba wa kijivu ukifuata njia ya risasi na tundu halionekani kwenye karatasi, umepata jibu. Watengenezaji wengine huandika kwenye boksi kikomo cha kasi cha vichwa vyao laini kuliko vyote, kiheshimu.

Sasa upepo. Kila kichwa hupewa tarakimu inayoitwa kigezo cha balistiki, inayoonyesha jinsi kinavyopenya hewa; kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo kichwa kinavyohifadhi kasi yake. V-MAX ya greni 55 ya kipenyo cha 0.224 ina kigezo cha 0.255. Ile ya greni 53, ambayo ni nyepesi kidogo lakini pua yake ni ndefu na imechongoka zaidi, ina 0.290. Kwa hiyo anayechagua kwa uzito tu atachagua vibaya.

Namna ya kupata mpeperusho bila programu yoyote ni hii. Tafuta muda halisi ambao risasi inatumia kufika, ondoa muda ambao ingetumia kama isingepunguza kasi hata kidogo, kisha zidisha tofauti hiyo kwa kasi ya upepo wa ubavuni. Chukua .223 yenye kichwa cha greni 55 kinachotoka kwa mita 988 kwa sekunde. Kufika yadi 400, ambazo ni mita 366, kinatumia sekunde 0.487 hivi, kama kisingepungua kasi, kingetumia 0.370. Tofauti ni sekunde 0.117. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ni mita 4.47 kwa sekunde, na 4.47 mara 0.117 ni mita 0.52. Yaani upepo ambao kwenye nyanda hizo watu huuita wa kawaida unakisogeza kichwa hicho zaidi ya nusu mita, sawa na upana wa prerii dogi watano waliosimama bega kwa bega. Kwenye yadi 300 hesabu hiyo hiyo inatoa sentimita 27. Ukikosea kusoma upepo kwa robo tu, umekosa mnyama wa yadi 400 hata kama kila kitu kingine kimekaa sawa.

Linganisha na kichwa cha milimita 6, kwa mfano V-MAX ya greni 87 yenye kigezo cha 0.400, kikitoka katika .243 Winchester kwa futi 3,200 kwa sekunde. Mpeperusho wake kwenye yadi 400 kwa upepo uleule ni kama sentimita 31. Kimeanza kwa kasi ndogo kidogo kuliko .223, na bado upepo umekisogeza pungufu kwa sehemu mbili kwa tano hivi. Gharama yake ni mrindimo (msukumo wa bunduki kurudi nyuma) mkubwa zaidi begani, baruti nyingi zaidi, na mtutu unaochemka mapema. Na mrindimo una maana hapa, kwa sababu mpigaji wa masafa haya anataka kuona kwenye darubini mahali risasi yake ilipotua ili arekebishe mlio unaofuata.

Ushauri wangu kwa mwenye mtutu wa 1 kwa 12 wa .223 ni kuanza na greni 50 au 53 na kujiwekea mpaka wa yadi 300 siku za upepo. Mwenye .22-250 ya 1 kwa 14 aanze na 50 au 55. Mwenye .204 Ruger, risasi iliyotoka mwaka 2004 na ambayo mitutu yake mingi ni ya 1 kwa 12, atafaidika kwa kuacha kile cha greni 32, chenye kasi ya kuvutia na kigezo cha 0.210, na kuchukua cha greni 40 chenye 0.275.

Ikiwa unawinda California, risasi zenye madini ya risasi haziruhusiwi kwa uwindaji wowote tangu Julai 1, 2019. Hata kwingineko, vipande vya madini hayo vinavyobaki katika mizoga huliwa na tai na mwewe na kuwadhuru. Vichwa visivyo na madini ya risasi vipo, lakini kwa kuwa shaba ni nyepesi, huwa virefu zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya mpindo kabla hujanunua.

Hatua ya nne: baruti

Usichukue kipimo cha baruti kutoka kwa rafiki, wala usikikadirie. Chukua kitabu cha sasa cha mtengenezaji wa kichwa au wa baruti, tafuta ukurasa wa risasi yako na uzito wa kichwa chako, na uanze na kipimo cha chini kilichoandikwa hapo. Mwongozo huu hautoi vipimo kwa makusudi, kwa sababu kipimo kilicho salama katika bunduki moja kinaweza kuwa hatari katika nyingine.

Unachochagua wewe ni aina. Uwindaji huu hufanywa juani, risasi zikiwa juu ya meza ya kupigia au kwenye gari lililochomwa na jua, na baruti nyingine hupandisha shinikizo na kasi kadiri joto linavyopanda. Baruti za vijiti kama Varget na H4895 za Hodgdon zimetengenezwa ili zisibadilike sana na joto, na zote mbili zinafaa .223 na .22-250. Baruti za punje za mviringo, kama H335, hutiririka vizuri mno katika kipimio na kumrahisishia kazi anayeshindilia mamia ya risasi, lakini kwa kawaida huathiriwa zaidi na joto. Mwenye kupiga yadi 200 hataona tofauti. Wa yadi 400 ataiona. H380, ambayo ni ya mviringo, ilipata jina lake kutokana na kipimo cha greni 38.0 alichokipenda Bruce Hodgdon, mwanzilishi wa kampuni hiyo, katika risasi iliyokuja kuwa .22-250; hicho ni kisa kizuri cha kusimulia, wala si kipimo cha kunakili.

Weka kopo moja tu la baruti juu ya meza unapofanya kazi, mengine yote yawe kabatini. Usivute sigara karibu. Ukimaliza kujaza maganda, yaangalie yote kwa tochi kabla hujaweka kichwa hata kimoja, ili ganda tupu au lililojazwa mara mbili lionekane. Baruti inayonuka uchachu au kutoa vumbi la rangi ya kutu imeanza kuoza na haifai tena.

Panda kutoka kipimo cha chini kwa hatua ndogo. Fataki iliyobapa kabisa, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, au bolti iliyo nzito kufunguka ni dalili za shinikizo kubwa, na ukiziona, simama na urudi chini. Hata hivyo dalili hizo huchelewa; kutokuziona hakumaanishi kwamba uko salama, na kwa sababu hiyo kiwango cha juu cha kitabu hakivukwi. Ikiwa mlio mmoja umekuwa hafifu kuliko kawaida, acha kupiga, ondoa risasi zote, toa bolti na utazame ndani ya mtutu, kwa kuwa kichwa kinaweza kuwa kimekwama humo.

Hatua ya tano: ganda na fataki

Hapa maneno ni machache. Tumia maganda ya mtengenezaji mmoja na ya kundi moja, kwa sababu ujazo wa ndani hutofautiana na ujazo ukipungua shinikizo hupanda. Maganda ya kijeshi yaliyookotwa huwa na ukingo uliobanwa kuzunguka tundu la fataki, ambao lazima uondolewe kwanza. Ganda la .223 lisizidi inchi 1.760 kwa urefu. Likifika hapo, lipunguze hadi 1.750. Ganda lenye ufa shingoni au mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako hutupwa. .223 hutumia fataki ndogo za bunduki, .22-250 hutumia kubwa, na aina iliyotajwa kitabuni ndiyo inayotumika. Ukibadilisha, anza tena kutoka kipimo cha chini.

Hatua ya sita: urefu wa risasi nzima

Umbali kati ya kichwa na mwanzo wa mifuo unaathiri usahihi, na wengi hutaka kichwa kikaribie mifuo iwezekanavyo. Usikiache kiguse, kwa maana shinikizo hupanda, na unapotoa risasi isiyopigwa kichwa kinaweza kubaki mtutuni na baruti kumwagika ndani ya bunduki. Kwa bunduki inayolishwa na magazini, urefu wa magazini ndio unaoamua: .223 katika magazini za kawaida haipaswi kuzidi inchi 2.260. Anza na urefu uliotajwa kitabuni, tafuta kipimo cha baruti kinachokupendeza, kisha ndipo ujaribu kusogeza kichwa ndani au nje kidogo kidogo. Anayebadilisha baruti na urefu kwa wakati mmoja hatajua lipi lililosaidia.

Hatua ya saba: jaribu kwa uaminifu

Kundi la matundu matatu linaweza kuwa zuri kwa bahati. Wawindaji wengi hubeba kundi moja kama hilo mfukoni kwa miaka, na karatasi zilizopigwa vibaya siku hiyohiyo zimekwisha kutupwa. Piga makundi ya matundu kumi ya risasi moja, mtutu ukipewa muda wa kupoa, na uamue kwa upana wa kundi zima, likiwemo tundu unaloona ni la kubahatisha. Mara nyingi utakuta kwamba vipimo viwili au vitatu vya baruti vinavyofuatana vinapiga karibu sawa. Chagua cha katikati, kwa sababu joto la siku au kosa dogo la mizani halitakutoa nje ya eneo hilo.

Kipima kasi ni chombo cha lazima ukitaka kuvuka yadi 300, lakini usikiache kikutawale. Katika .223, tofauti ya mita 30 kwa sekunde kati ya risasi mbili hubadilisha mahali pa kutua kwenye yadi 400 kwa sentimita 5 hadi 7, ambazo ni nyingi. Tofauti ya mita 6 au 7 kwa sekunde haionekani kabisa kati ya makosa ya upepo. Nimewaona watu wakitumia majira yote ya baridi kupunguza tofauti hiyo ya mwisho, na kiangazi kilipofika hawakuwa wamejifunza kutazama nyasi zinavyolala.

Piga pia kundi moja mtutu ukiwa wa moto, kwa makusudi. Kundi la prerii dogi hukushawishi kupiga mfululizo, na mtutu ukichemka risasi nyingine huhama kutoka zilipokuwa. Hali ya joto hilo pia hula koo la mtutu, hasa kwa .22-250 na .220 Swift zinazochoma baruti nyingi katika tundu dogo, na ndiyo sababu wengi hubeba bunduki mbili na kuzipumzisha kwa zamu. Risasi isiachwe ndani ya chemba iliyochemka wakati unazungumza au unakunywa maji, maana baruti inapata joto na tundu litaruka juu.

Boksi la kila kundi la risasi liandikwe kichwa, baruti na kipimo chake, fataki, ganda, urefu na tarehe. Risasi ya kushindilia isiyo na maandishi, na ile uliyopewa au kuuziwa na mtu mwingine hata kama ni fundi hodari, haiingii katika bunduki yako. Hufunguliwa kwa nyundo maalumu ya kutolea vichwa, kichwa na ganda vikatumika tena, na baruti yake ikaharibiwa bila kuchanganywa na iliyomo kopoini.

Ukifika malishoni

Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Aliyerekebisha darubini yake karibu na usawa wa bahari akaenda kuwinda Wyoming, ambako malisho mengi yako juu ya mita 1,200, atakuta risasi zake zinapiga juu kidogo kwenye masafa marefu na mpeperusho umepungua. Kabla ya mnyama wa kwanza, weka karatasi yadi 100 uhakikishe sifuri (kwamba risasi inapiga pale darubini inapolenga), kisha tafuta jiwe lenye udongo nyuma yake kwenye yadi 300 na upige matatu, ukilinganisha na jedwali la kushuka kwa risasi ulilolitayarisha. Jedwali likikataa, sahihisha kasi iliyomo ndani yake mpaka likubaliane na unachokiona. Tazama vizuri kila kilicho juu ya shimo kabla ya kufyatua, kwa kuwa bundi wa mashimoni huishi katika makoloni hayohayo na analindwa na sheria, na mizoga usiishike kwa mikono mitupu, kwa sababu viroboto wa prerii dogi hubeba bakteria wa tauni.